Kidole cha Baba Mkubwa Alatanga

Mligeuza uso. Msinitolee macho ya mshangao, ninyi mliokaa benchi la nyuma jana kwenye mkutano wa shule, na wewe unayesoma haya pia, maana kijijini kwako ni yaleyale. Mwenyekiti wa kamati aliinua fimbo yake, akaigusa ramani ukutani, akasema shule yetu itahamia ng'ambo ya bonde, "hapa tu, si mbali." Wengine wenu mkatazama simu. Wengine mkatazama dari, kana kwamba mabati yameanza kuzungumza. Akasimama Bibi Roida peke yake, akasema, "Kidole hakichoki ramanini, mwulize mwenye miguu," akaketi. Watu wakacheka. Leo ndiyo mmenifuata hapa ghalani, nachambua maharage, mnataka kujua msemo ule umetoka wapi.

Kidole hakichoki ramanini, mwulize mwenye miguu. Hamtaukuta kwenye vitabu vya wahenga. Umezaliwa hapahapa kwetu Njombe, na waliouzaa nawajua kwa majina yao, maana mimi si mtu wa kusahau. Nakumbuka zahanati iliyojengwa juu ya mlima wajawazito wakapanda kwa magoti. Nakumbuka kisima kilichochimbwa mlangoni kwa diwani. Na hili nalikumbuka. Lilianza hivi.

Lusungu, mke wa Obadia Mgaya, alijifungua mtoto wa pili akamwita Yotamu. Mtoto alizaliwa mguu wa kulia umejikunja kwa ndani, kama mtu anayeficha kitu unyayoni. Majirani walikuja kumwona mtoto wakatoka wakinong'ona. Mmoja tu hakunong'ona, naye ni Sista Gunvor, muuguzi mzee kutoka Norwei aliyekuwa amezeekea kwenye hospitali ya misheni. Alimtazama yule mtoto akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Huu mguu utatembea. Mlete kila wiki."

Lusungu akampeleka kila wiki. Sista alimfunga mtoto hogo la plasta, akalifungua, akaunyoosha mguu kidogo kwa vidole vyake, akalifunga tena. Mtoto alilia, mama alilia, Sista aliimba. Baadaye vikaja viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kuvaa wakati wa kulala. Lakini kabla Yotamu hajasimama vizuri, macho ya Sista yalianza kufifia, ndugu zake wakamwita nyumbani. Siku ya kuaga alimshika Lusungu mkono akasema, "Akitembea, mleteni nimwone. Macho yangu yangalipo."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, msilipoteze: kumpeleka mtoto Bergen, mji anakoishi Sista, atembee mbele yake kabla macho hayajazima. Hakuna lingine.

Yotamu akatembea. Kwanza kama bata, halafu kama mlevi, halafu kama mtu. Naye Sista akatuma ujumbe kupitia mtoto wa dada yake, aitwaye Torunn: njooni msimu huu wa kiangazi, na nauli ya mama na mtoto nitatoa mimi. Obadia hakutaka mke wake aende peke yake, wala hakutaka kumwacha Kezia, dada wa Yotamu, aliyekuwa na miaka saba na maswali yasiyokwisha. Parachichi za shambani zilikuwa zimempa pesa kidogo, ila hazikutosha. Basi akafanya kile ambacho sisi sote tungefanya. Aliitisha kikao cha ukoo.

Na ukoo ulichanga, nisiwanyime haki yao. Walichanga kwa moyo. Ila aliyechanga ana sauti, na sauti zilikuwa nyingi.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Baba Mkubwa Alatanga, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Obadia. Alikuja na ramani ya Ulaya aliyoiazima shule ya msingi, imekunjwa mara nyingi hata ikapasuka penye Ujerumani. Akaipigilia misumari ukutani kwa Obadia, akavaa miwani, akainua kidole.

"Mtashukia hapa, Kopenhageni," alisema. "Ndipo nilipopelekwa kusomea ushirika ujanani. Mkapige picha mlango wa chuo. Ni wa kijani."

"Na Stokholmu hiyo hapo jirani," alisema Shangazi Roida, ambaye siku hizo hakuna aliyemwita bibi. "Mtoto wangu wa ubatizo, Tabitha, ameolewa huko. Mtapitaje mlangoni kwake msimsalimie? Watasema akina Mgaya wamekosa adabu."

"Kweli kabisa," alisema Baba Mkubwa, na kidole kikasogea.

"Kwaya yetu ina marafiki Helsinki," alisema kiongozi wa kwaya, aliyekuja kwa sababu alisikia kuna kikao. "Walitununulia kinanda. Ni aibu kufika Stokholmu ukarudi bila kuvuka maji kuwashukuru."

Kidole kikavuka bahari.

Mnaona hapo? Ni adabu yetu, na ni adabu njema. Ukienda Lupembe kwa msiba, huwezi kuipita nyumba ya shemeji yako bila kuingia kunywa chai. Wazee wale walizitazama nchi zile wakaona Lupembe. Waliona nyumba na nyumba, uchochoro na uchochoro.

Lusungu alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wengine, akijaribu kukifuata kile kidole. Kilipanda, kikashuka, kikaruka maji, kikarudi. Ikafika mahali hakujua tena kama Bergen iko kabla ya Oslo au baada yake, wala kama ile rangi ya buluu ni bahari moja au mbili. Kichwa kilimzunguka. Mkamwana hainui sauti mbele ya wakwe, lakini alijikaza.

"Baba, naomba kusema. Sista yuko Bergen. Macho yake, walisema..."

"Tumesikia, mwanangu," alisema Baba Mkubwa kwa upole. "Bergen ndiyo kilele chenyewe. Kitamu huliwa mwisho."

Watu wakapiga makofi. Yotamu, aliyekuwa chini ya meza akicheza na vifuniko vya soda, akatoa kichwa nje. "Na mimi nitatembea wapi?"

"Kote, shujaa wangu! Utatembea kote!"

Wakacheka, mtoto naye akacheka, akarudi chini ya meza. Swali lilikuwa limeulizwa mbele ya watu wazima wote wa ukoo, na hakuna aliyelisikia.

Kisha ikaja mizigo. Usimsalimie mtu mikono mitupu. Majani ya chai ya Tabitha, maharage ya Tabitha, asali ya mume wa Tabitha, vikapu vya wanakwaya wa Helsinki, na kitenge cha kila mmoja wao. Mabegi yakajaa yakakataa kufungika. Shangazi Roida akaenda kukagua, akakuta kwenye kona kigari cha kumsukumia mtoto ambacho Lusungu alikuwa amekiazima kwa mwalimu.

"Hiki cha nini?"

"Cha Yotamu, Shangazi. Akichoka."

"Mtoto wa Kibena anasukumwa kama toroli la mbolea? Ana mama, mama ana mgongo." Akakitoa. Mahali pake vikaingia vikapu.

Lusungu alitazama tu. Akajiambia labda wakubwa wanajua. Nyote mmejiambia hivyo siku moja, na mnajua kilichofuata.

Kopenhageni waliutafuta mlango wa kijani. Walipanda basi, wakashuka, wakapanda la kurudi. Walipoifikia anwani walikuta duka la baiskeli, mlango wake mweusi. Obadia akapiga simu ya picha nyumbani, akaigeuza Baba Mkubwa aone.

"Siyo hapo," alisema mzee. "Wangu ulikuwa wa kijani."

"Baba, ndiyo anwani uliyotuandikia."

"Basi wameupaka rangi. Zungukeni nyuma."

Wakazunguka nyuma. Wakazunguka tena mbele. Kezia akahesabu baiskeli hadi hesabu ikamwishia. Yotamu akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na mama yake akamwinua.

Usingizi nao ukawaponyoka. Huko msimu ule jua halikubali kuondoka. Huku kwetu giza likiingia mtoto anajua, anaanza kusinzia kabla hujamwambia. Kule Lusungu alifunga pazia, mwanga ukapita pembeni. Watoto wakakataa kulala kwa sababu ni mchana, wakaja kulala wakati wa kuamka, wakaamka wakidai ugali. Garimoshi la kwenda Stokholmu lilipokuwa linakata misitu, Kezia alimvuta mama yake kanga.

"Mama, leo ni leo, au bado ni jana?"

Lusungu alifungua mdomo amjibu, akagundua hana uhakika.

Tabitha alikuwa mtu mwema. Aliwapikia, akalia kwa furaha alipoona maharage. Lakini hakuwa akiishi Stokholmu yenyewe kama kidole kilivyosema. Alikuwa mbali nje, treni moja na basi na mwendo wa mguu, na mabegi yote yale. Obadia alikuwa na begi mgongoni, begi kila mkono. Lusungu alikuwa na vikapu vya kwaya vimefungwa mgongoni mwake kwa kanga ileile aliyombebea Yotamu tangu utoto. Mama alikuwa na mgongo, ni kweli. Mgongo ulikuwa umekaliwa na Helsinki.

Kwa hiyo Yotamu alitembea. Alitembea kote, kama alivyoahidiwa. Siku ya kwenda bandarini kupanda meli ya Ufini, Lusungu aliona mtoto anakanyaga kwa ukingo wa mguu, ule ukingo wa zamani. Akamkalisha juu ya begi, akamvua kiatu. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi imekaza na kung'aa, na alama ya soksi imezama ndani. Aliugusa kidogo tu, mtoto akanyamaza kimya kabisa, na kwa Yotamu kunyamaza ndiko kulia.

Wakati huohuo simu ikalia. Ukoo wote ulikuwa umejaa ndani ya kile kioo kidogo, vichwa juu ya vichwa, na nyuma yao ramani ukutani.

"Mmefika bandarini?" aliuliza Baba Mkubwa. "Safi sana! Wa Helsinki wameshapika."

"Baba, mtoto mguu umevimba," alisema Obadia.

"Pole yake. Mpakeni mafuta. Si mbali kutoka hapo, angalieni." Akaigeukia ramani. Kidole kikatoka Stokholmu, kikateleza juu ya bahari, kikatua. "Helsinki. Halafu mnarudi hivi, mnakata hivi, Oslo. Halafu hivi. Bergen. Mnaona? Sijainua hata mkono."

Yotamu alikuwa ameinamia simu mapajani mwa baba yake. Alikitazama kile kidole kwa makini, kama mtu anayetazama mchezo asioujua sheria zake.

"Babu, kidole chako hakijachoka?"

Kule Njombe wakaangua kicheko. "Kidole?" alisema Baba Mkubwa, akicheka hadi miwani ikateremka. "Kidole hakichoki, mjukuu wangu!"

"Basi tembea wewe na kidole chako. Mimi miguu yangu imechoka."

Kicheko kilikatika. Lusungu alikisikia kikikatika. Akachukua simu, ingawa hakuwahi kumpinga mzee yule tangu aolewe.

"Shikamoo, Baba. Naomba radhi. Tunakwenda Bergen."

"Marahaba. Bergen ndiyo, baada ya..."

"Sasa, Baba."

"Lusungu!" Sauti ya Shangazi Roida ilipenya kutoka nyuma. "Watu wamepika!"

"Watakula, Shangazi."

"Na vikapu je? Na vitenge?"

"Tabitha yuko nasi hapa, atavituma."

"Mkamwana huyu! Obadia, mwanamume uko wapi? Unamsikia mkeo?"

Obadia alikuwa mtu mpole kupita kiasi, wa kumwambia kila mtu ndiyo. Aliweka begi la kulia chini, akaweka la kushoto, akavua na la mgongoni. Akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Panda," alisema. Na hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa ukoo.

Wakafika Bergen mvua inanyesha, mvua nyembamba isiyokoma kama ya Makete. Torunn aliwafungulia mlango, akawatazama mmoja mmoja, na uso wake haukujua kama ucheke au uhuzunike.

"Tuliwangoja mapema," alisema kwa Kiingereza cha polepole, na Obadia akamtafsiria mke wake. "Wiki iliyopita alikuwa bado anauona mlango. Alikaa pale kila siku, ameuelekea."

Bado alikuwa amekaa pale. Kiti kimeuelekea mlango, mikono mapajani, nywele nyeupe kama pamba. Aliposikia hatua zao aliinua uso, akatabasamu mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Kamwene," alisema. Maamkio ya kwetu, baada ya miaka yote ile.

"Kamwene, Sista," alijibu Lusungu.

Mzee alitega sikio. Akangoja. "Nasikia baba. Nasikia mama. Nasikia miguu myepesi, huyu ni Kezia. Yotamu yuko wapi? Mbona simsikii akitembea?"

Mtoto aliyenyooshewa mguu na mikono ile alikuwa amevuka dunia kwenda kuuonyesha, akafika mgongoni mwa baba yake. Lusungu alitamani sakafu ifunguke.

"Amebebwa, Sista. Mguu umevimba."

"Nipe."

Obadia akamshusha mapajani mwake. Vidole vya mzee viliufuata ule mguu toka goti hadi kisigino, vikasimama palepale kwenye uvimbe. Vilikuwa bado vinajua njia.

"Mmepita wapi?"

Lusungu akamwambia. Kopenhageni, mlango wa kijani, Tabitha, maharage, vikapu, kigari kilichobaki. Hakuficha. Sista Gunvor alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Nilisema mleteni. Sikusema mzungusheni."

Akamfunga kitambaa mwenyewe, kwa kupapasa, akiimba zile nyimbo za kliniki. Wakakaa nyumbani kwake siku zote zilizobaki, hawakwenda kuona mlima wala soko la samaki. Kezia alimsimulia Sista kila kilichopita dirishani, hata kisichopita. Yotamu alilala. Hatimaye alilala, hata katika mwanga ule usiokwisha, kichwa kwenye paja la mzee.

Asubuhi ya kuondoka, uvimbe ulikuwa umeshuka. Torunn akakunja zulia ili mbao za sakafu zibaki wazi. Yotamu akasimama mlangoni, peku. Akatembea. Mlangoni hadi kwenye kiti, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na kila unyayo ulisikika kwenye mbao.

"Tena," alisema Sista.

Akarudi mlangoni, akaja tena.

"Wa kulia unakuja vizuri," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye macho yasiyoona kitu. "Wa kulia unakuja vizuri sana."

Yotamu akamshika magoti. "Umeniona, Bibi?"

"Nimekusikia, mtoto wangu," alisema. Hakumdanganya.

Walipofika nyumbani, ukoo uliketi kupokea taarifa ya safari, kama kawaida yetu. Ramani ilikuwa bado ukutani. Hakuna aliyeuliza habari za Helsinki. Shangazi Roida alikuwa ameandaa maneno ya kumsuta mkamwana, nayo yote yalikuwa yamemjaa mdomoni. Lakini Baba Mkubwa alitangulia kuuliza.

"Sista alimwona?"

Lusungu alitazama mkeka. "Alimsikia, Baba."

"Nauliza alimwona?"

"Macho yalizima tukiwa njiani. Tukitafuta mlango wa kijani."

Mzee akainuka, akausogelea ukuta, akakiweka kidole juu ya Kopenhageni. Akakitazama, kama kidole cha mtu mwingine. Kikaanza kusogea, kikasimama. Akakiondoa.

"Kidole hakichoki ramanini," alisema polepole, mgongo wake ukiwa kwao.

Yotamu alikuwa anakimbizana na kuku uani, na hatua zake zikasikika ndani, zote mbili. Shangazi Roida alizisikiliza. Yale maneno ya kusuta yalikuwa yamemwisha.

"Tungemwuliza mwenye miguu," alisema. "Alituuliza yeye mwenyewe, nitatembea wapi. Tukacheka."

Ndipo wakaing'oa misumari.

Sasa mnajua. Na mnajua kwa nini Bibi Roida hakucheka jana mlipocheka ninyi. Alishacheka mara moja maishani mwake, ikatosha.

Kesho asubuhi kamati inatia saini. Mtoto wa darasa la kwanza atashuka bonde lile na kulipanda, mvua inanyesha, mto umejaa, kwa sababu fimbo ya mwenyekiti iligusa karatasi na fimbo haikulowa. Hakuna mtoto aliyeulizwa. Hata mmoja! Mnangoja nini hapa ghalani? Maharage nitayachambua mwenyewe. Nendeni nyumba kwa nyumba sasa hivi, washikeni wadogo zenu mikono, mpitie kwa mwenyekiti kabla hajanywa chai, mumwambie aache fimbo, atembee nao mpaka ng'ambo na kurudi. Akifika, akiwa bado ana pumzi, aseme tena "hapa tu, si mbali." Na wewe unayesoma, kwako pia iko ramani ukutani, na unajua ni nani ataitembea. Inuka umwite.

Kidole hakichoki ramanini, mwulize mwenye miguu. Haya, simameni!